Namna ya Kuchagua Boti ya Kasi Iliyotumika kwa Bahari ya Kusi

Wanunuzi wengi wanaokuja ufukweni kutazama boti ya faiba iliyotumika huanza na swali moja: ina mashine ya nguvu gani? Swali hilo ni halali, lakini lisiwe la kwanza, kwa sababu mashine hufunguliwa asubuhi na nyingine ikafungwa jioni, ilhali umbo la chombo na mifupa yake iliyofichwa chini ya sitaha utaishi nayo miaka yote utakayokuwa baharini. Anayekusudia kuvuka kati ya Tanga na Pemba, au kutoka Nungwi kwenda Mkoani katika miezi ya kusi, anunue kwanza chombo, kisha ndipo azungumzie mashine. Maelezo haya yanahusu boti za futi 22 hadi 32, zile zinazotumika kwa uvuvi wa nduaro na jodari, kupeleka wazamiaji na kuvusha watu wachache kwa haraka.

Ijue kwanza bahari utakayoikabili. Pemba imetenganishwa na bara kwa mkondo wa karibu kilomita 50, wenye kina cha mamia ya mita, na kusi huvuma hapo kuanzia Aprili hadi Septemba, kwa nguvu zaidi katikati ya kipindi hicho. Wengi huogopa kusi peke yake na kuisahau kaskazi. Maji ya pwani hii huelekea kaskazini karibu mwaka mzima, kwa hiyo kaskazi ikikaza kati ya Desemba na Machi hukutana nayo uso kwa uso, na mawimbi huwa mafupi, yaliyosimama wima, yanayofuatana bila kumpa nahodha nafasi ya kupumua. Ongeza hapo siku za bamvua, yaani za maji makubwa, maji yanapotoka kwa kasi kwenye milango ya miamba dhidi ya upepo, utaelewa kwa nini boti iliyosifiwa mahali pengine inaweza kukutesa hapa.

Umbo linaloweza kazi hiyo limejulikana tangu 1960, mwaka ambao boti ya mbao iitwayo Moppie, iliyosanifiwa na Ray Hunt na kumilikiwa na Richard Bertram, ilishinda mashindano ya Miami hadi Nassau katika bahari iliyochafuka vibaya. Siri yake ilikuwa tumbo la V kali lililoendelea na ukali wake kutoka omo, yaani mbele, mpaka shetri, yaani nyuma, badala ya kulala bapa kuelekea nyuma kama boti nyingi za wakati huo. Mwaka uliofuata Bertram alianza kuuza boti za faiba za futi 31 zenye umbo hilo, na boti nyingi za kasi za bahari kuu zilizofuata zimerithi wazo lile. Sababu yake ni nyepesi kuielewa: boti ya kasi huruka juu ya wimbi na kurudi chini, na tumbo lenye V hulipasua maji kidogo kidogo, ilhali tumbo bapa huyapiga kwa uso wake wote kwa mara moja, na kipigo hicho hupanda mpaka kwenye uti wa mgongo wa abiria.

Usikubali maneno ya muuzaji kuhusu V hiyo, ipime. Subiri maji yakupwe na boti ikalie mchanga, au iwe juu ya trela, uhakikishe imekaa sawa kwa pima maji, kisha ulaze ubao ulionyooka kwenye upande mmoja wa tumbo, kwenye shetri kabisa, na usome pembe kwa programu ya simu. Digrii 20 hadi 24 ndiyo boti ya bahari kuu. Digrii 16 hadi 19 itakufikisha, lakini itakulazimisha kupunguza mwendo mapema. Chini ya hapo ni boti ya ghuba na ya ndani ya mwamba, na hakuna mashine itakayoibadilisha. Lazima niseme pia gharama ya V kali: chombo huyumba zaidi kinaposimama, jambo linalowachosha wavuvi na wazamiaji, na hula petroli zaidi kwa sababu hukaa ndani zaidi ya maji. Binafsi naona ni gharama inayostahili kulipwa. Urefu na uzito navyo husaidia, na kati ya boti mbili za bei moja, ningechukua ya futi 28 yenye mashine kuukuu na kuiacha ya futi 23 yenye mashine mpya.

Uliza vilevile boti ilitengenezwa kwa maji gani na imefanya kazi wapi. Boti za Ulaya huwa na kibati cha CE, alama ya viwango vya Ulaya, chenye herufi: B ni chombo kilichokusudiwa kustahimili mawimbi ya hadi mita 4, C ni cha mawimbi ya hadi mita 2, na D ni cha maji yaliyotulia. Boti za Marekani hazina herufi hizo kwa lazima, lakini kwenye shetri, upande wa kulia, huchongwa namba ya utambulisho yenye tarakimu na herufi 12, na kwa boti zilizotengenezwa baada ya 1984 mbili za mwisho ndizo mwaka wa modeli. Ikiwa namba imekwanguliwa au imepakwa rangi nzito, ondoka. Swali hili la maji ya asili si la kupuuzwa katika pwani yetu. MV Skagit, iliyozama karibu na Chumbe tarehe 18 Julai 2012 ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, ilikuwa imevusha abiria kwa miaka mingi katika maji ya ndani ya Seattle kabla ya kuletwa kwenye bahari ya kusi.

Sasa nieleze kosa langu, kwa sababu ndilo lililonifundisha kukagua. Nilinunua boti ya futi 26 yenye V nzuri, nikaridhika na rangi na mashine mbili zilizong'aa, sikuigonga hata mara moja. Miezi minne baadaye nilikuwa nafungua skrubu ya kifaa cha kutafutia samaki kwenye shetri. Skrubu ilitoka bila kukaza, na nyuma yake yakafuata maji ya kahawia, tone baada ya tone, kisha kipande cha mbao kilicholainika kama ugoro uliolowa. Niliingiza bisibisi katika tundu lile nayo ikazama bila nguvu mpaka nusu ya chuma chake. Ndani ya ngozi mbili za faiba zilizoonekana nzima, plaiwudi inayobeba mashine ilikuwa imeoza, na kwa miezi minne nilikuwa nimevusha watu nikiwa na mashine mbili zilizoshikiliwa na uji. Ukarabati ulikula msimu mzima na karibu nusu ya bei ya boti.

Kwa hiyo gonga. Tumia mpini wa bisibisi au nyundo ndogo ya plastiki, anza mahali unapojua ni pazima, kisha tembea taratibu kuelekea kwenye bolti za mashine, kwenye tundu la kutolea maji na kuzunguka kila skrubu iliyo chini ya mstari wa maji. Faiba iliyoshikana na mbao kavu hujibu ko, ko, kwa mlio mkavu. Iliyooza au kuachana hutoa mlio mzito wa bu, kama fenesi lililoiva. Baada ya hapo inua mashine nusu, mwambie mwenzako asimame juu ya mguu wa mashine, ile sehemu ya chini yenye rafadha, na kubonyeza, nawe tazama shetri kwa ubavuni: ikipinda hata kidogo, au nyufa zikifunguka pembeni mwa bolti, huhitaji kuendelea na ukaguzi. Ukipata mtu mwenye kipima unyevu, mlipe aje nacho, lakini kisomwe kwenye boti iliyokaa nchi kavu kwa siku kadhaa.

Chini ya sitaha ipo mihimili mirefu inayotoka omo hadi shetri, na hiyo ndiyo inayopokea kila kipigo cha wimbi. Fungua kila mfuniko, ingiza kichwa na tochi, tazama mahali mhimili unapoungana na tumbo. Ukiona mstari mweupe wa ufa au faiba iliyobanduka, ujue boti hiyo imerushwa sana. Boti nyingi pia zimejazwa povu chini ya sakafu, na povu la zamani hunywa maji kama sifongo. Chombo kilichokunywa hukaa chini kuliko alama yake ya zamani ya maji, huchelewa kupanda juu ya maji, na muuzaji huilaumu rafadha. Nje, tafuta nyufa za umbo la nyota, ambazo huonyesha mahali palipogongwa, na malengelenge kwenye tumbo. Lengelenge moja likitobolewa likatoa majimaji yenye harufu ya siki, faiba imeanza kuliwa na maji. Machache yanatibika, tumbo zima ni jambo jingine.

Baadhi ya boti za kasi zina ngazi zilizokatwa kwenye tumbo ili hewa iingie na kupunguza msuguano. Zinakwenda mbio na kuokoa mafuta, lakini zikikatwa kona kali kwa mwendo mkubwa zinaweza kuteleza na kuzunguka ghafla. Ningemshauri asiyezizoea aziache.

Kuhusu mashine sitarefusha. Mbili ni bora kuliko moja, kwa sababu mkondo wa Pemba si mahali pa kusubiri msaada. Pima kompresheni ya kila silinda. Zisipishane kwa zaidi ya asilimia 10. Vua rafadha utazame kama kuna mshipi uliojisokota ukakata sili, kisha legeza skrubu ya chini ya gia boksi: oili iliyogeuka kama maziwa ina maji. Chagua aina ambayo vipuri na mafundi wake wanapatikana pale unapoishi. Mafundi wengi wa pwani wameizoea Yamaha, na hilo lina thamani yake. Zile boti za Marekani zenye mashine kubwa za petroli ndani ya tumbo ningeziepuka kabisa hapa. Vyombo vyake vya moshi vinavyopozwa kwa maji ya bahari hulika kwa chumvi, mipira inayozuia maji kwenye mguu wake hupasuka bila kuonekana, na mvuke wa petroli ukijaa ndani ya chumba cha mashine, cheche moja hutosha. Na ukumbuke mafuta: mashine ya nguvu za farasi 200 ikiwa wazi kabisa hula karibu lita 70 kwa saa, kwa hiyo tangi likutoshe theluthi moja ya kwenda, theluthi ya kurudi na theluthi ya dharura.

Nyaraka zitazame kabla ya kwenda kujaribu, si baada. Hati ya umiliki, risiti za ushuru, usajili na cheti cha ukaguzi viwe na namba ile ile iliyo kwenye shetri na kwenye mashine. Upande wa Tanzania Bara hilo ni kazi ya TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania), na Zanzibar na Kenya ni ya mamlaka zao za usafiri wa baharini, ZMA na KMA.

Jaribio usikubali lifanyike alfajiri, bahari ikiwa imelala. Omba alasiri, upepo ukiwa umeshika, na uwe na mzigo wa kawaida: watu, maji, mafuta nusu tangi. Kila mtu avae jaketi la kuokolea na nahodha ajifunge kamba ya kuzimia mashine. Elekea wimbini kwa kama kilomita 30 kwa saa, kwa sababu huo ndio mwendo utakaoutumia siku mbaya. Boti inayoweza kubaki juu ya maji kwa mwendo mdogo namna hiyo bila kunyanyua omo ni bora kuliko inayofika kilomita 80 kwenye maji laini. Kisha geuka, mawimbi yaje nyuma, utazame kama omo inachomeka na shetri inataka kukupita. Baadaye zima mashine, uache chombo kilale ubavu kwa wimbi, na watu wote wasogee kwenye kona moja ya nyuma. Maji yatakayoingia yatoke yenyewe kwa matundu, bila kusubiri pampu.

Mkirudi, kabla ya kunawa na kabla ya kuzungumza bei, fungua tena mfuniko wa ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya boti yanakokusanyika maji, uliyoikausha kwa kitambaa kabla ya kuondoka. Ukikuta maji, yachovye kwa kidole uyaonje. Yakiwa matamu, chunguza tangi la maji na bomba zake. Yakiwa ya chumvi, mwenye boti akuoneshe yanakoingilia, na fedha ibaki mfukoni mpaka umeona.