Kabla Hujawaita Vipepeo na Ndege Uani

Kabla hujaenda kununua miche kando ya barabara, kaa uani asubuhi moja mbili utazame nani tayari anaishi hapo. Mimi nilianza kinyume. Nilipanda maua ya rangi kila upande hapa kwangu Dar es Salaam nikasubiri vipepeo. Walikuja, wakanywa, wakaenda zao. Huko nyuma ya jiko kulikuwa na mlimau, na kila nilipoona majani yake yameliwa nilichukua bomba la dawa. Siku moja nikamtazama mdudu mwenyewe kabla ya kupuliza: mdogo, mweusi mweusi, ana baka jeupe mgongoni, ukimwona haraka unadhani ni kinyesi cha ndege. Wakubwa zake walikuwa wa kijani, na nilipomgusa mmoja kwa kijiti akachomoa vipembe viwili vya rangi ya chungwa, na harufu kali juu yake. Kumbe ndio watoto wa yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano niliyekuwa nikimngojea.

Kwa hiyo jiulize kwanza kama uko tayari majani yaliwe. Kipepeo mzima hunywa kwenye maua mengi, ila kiwavi wake anachagua mmea, na mama hutaga hapo hapo. Wakulima wanaofuga vipepeo chini ya mradi wa Kipepeo pale Gede, pwani ya Kenya, kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, wanalijua hilo tangu 1993: bila mmea wa kiwavi hakuna biashara. Mlimau uliokomaa hautakufa kwa viwavi kumi. Mche mchanga unaweza kubaki vijiti, basi wahamishie kwenye mti mkubwa.

Maji nayo yana masharti. Sahani pana ya udongo inatosha, kina cha vidole viwili, na jiwe katikati ili nyuki watue wasizame. Lakini jua mapema nani ataisafisha. Homa ya dengi imetusumbua Dar mwaka 2014 na tena 2019, na mbu wake hutaga kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji. Mayai hukauka, maji yakirudi yanaanguliwa. Kumwaga tu hakutoshi. Sugua kwa brashi mara mbili kwa wiki, na ukisafiri igeuze kifudifudi.

Pipa la taka liwe na mfuniko. Kunguru hawa wenye shingo ya kijivu waliletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 ili wale taka, na taka wanakula kweli, pamoja na mayai na makinda ya ndege wadogo. Ukitupa mabaki ya ugali uani umewaita wao.

Chozi, yule ndege mdogo anayefyonza maua, hahitaji kuwekewa chakula. Mdomo wake uliopinda unatafuta maua marefu kama ya mshubiri. Kiota chake ni kifuko kinachoning'inia, kimeshikizwa kwa utando wa buibui, kwa hiyo acha kona moja ya baraza isifagiliwe. (Mama mkwe alipokuja kwangu alishika ufagio kabla hajavua viatu.) Ukiwa na nafasi, weka mkunazi pembeni: nyuki hujaa kwenye maua, ndege na watoto wa jirani humaliza matunda.

Sumu ya panya iondoe. Bundi akila panya aliyelishwa sumu, naye anaweza kufa, na uchuro tunaomsingizia haujawahi kukamata panya hata mmoja. Majirani watakuuliza kuhusu nyoka, na wana haki. Acha ukanda mtupu wa mita mbili kuzunguka nyumba, vichaka vikae mwisho wa uwanja.

Mashimo yachimbwe Februari, yatiwe samadi, mche uingie masika yakianza Machi. Ukichelewa, ngoja vuli ya Oktoba. Ukipanda Juni utamalizia tanki lako kumwagilia.