Gari Linaporukaruka Kwenye Skrini: Namna ya Kutambua Chanzo cha Mkwamo katika Simuleta za Mbio

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikishiriki mbio za magari za mtandaoni nikiwa nyumbani Kisumu, na swali ninaloulizwa zaidi na vijana wanaoanza ni hili: mchezo unakwama, ninunue nini? Ombi langu kwa kila anayeuliza ni kwamba asinunue chochote kabla hajajua kinachokwama ni nini hasa, kwa sababu neno hilo moja hubeba matatizo mawili yasiyohusiana: kompyuta inayoshindwa kuchora picha kwa wakati, na mtandao unaoshindwa kufikisha habari kwa wakati.

Dalili ya kwanza iko kwenye skrini yenyewe. Ingia katika mbio zenye magari mengi, kisha utazame kando ya barabara badala ya kulitazama gari lililo mbele yako. Ikiwa miti, vizuizi na majukwaa ya watazamaji yanapita kwa utulivu ilhali magari ya wenzako yanatoweka na kujitokeza mita kadhaa mbele, chunguza mtandao. Ikiwa kila kitu kinasita kwa pamoja, pamoja na barabara na gari lako mwenyewe, chunguza kompyuta. Gari moja likiruka na mengine yakiwa yametulia, kasoro ni ya dereva huyo na huna la kufanya ila kumpisha. Hali ngumu kuitambua ni ile ambayo kwako kila kitu ni shwari lakini wenzako wanasema kwamba gari lako ndilo linaloruka. Waamini, kwa maana habari zako hazitoki nyumbani ipasavyo, na wewe hutaliona jambo hilo kamwe usipoambiwa.

Sababu ni kwamba katika simuleta nyingi, yaani michezo inayoiga uendeshaji halisi, kila kompyuta hukokotoa mwendo wa gari la mwenye nayo, kisha ikatuma mahali lilipo na kasi yake kwenye seva, yaani kompyuta kuu inayoendesha mbio, ambayo huwagawia madereva wengine. Kabla habari mpya haijafika, kompyuta yako hukisia magari mengine yamefika wapi. Gari linalokwenda kilomita 200 kwa saa husogea takriban mita 11 katika milisekunde 200. Kwenye barabara iliyonyooka makisio hayo huwa sahihi, lakini dereva akikanyaga breki ghafla, skrini yako itaendelea kwa muda mfupi kumwonyesha mahali ambapo hayupo tena. Ndiyo maana watu wawili hugombana baada ya kugongana, kila mmoja akiapa kwamba alimwachia mwenzake nafasi, na wote wawili wakawa wanasema kweli.

Ili kuthibitisha kwamba tatizo ni la kompyuta, endesha ukiwa peke yako, bila mtandao, kwenye uwanja uleule, ukishindana na magari yanayoendeshwa na kompyuta yenyewe, na idadi yake iwe sawa na ile ya mbio zako za kawaida. Mkwamo ukibaki, mtandao hauna hatia. Punguza ukubwa wa picha kwa kiwango kikubwa na utazame idadi ya fremu, yaani picha zinazochorwa, kwa sekunde: ikipanda, kadi ya michoro ndiyo iliyokuwa imelemewa, isipopanda, mzigo uko kwa prosesa. Usidanganywe na kipimo cha jumla cha prosesa kinachosoma asilimia 25, kwa sababu kwenye prosesa yenye viini vinne hiyo yaweza kuwa na maana kwamba kiini kimoja kimejaa kabisa na vingine vinakisubiri. Hapo nafuu hupatikana kwa kupunguza idadi ya magari yanayoonekana, vivuli, na vioo vya pembeni, kwani kila kioo huilazimu kompyuta kuchora mandhari upya.

Kwetu huku kuna jambo la joto pia. Kompyuta ya mpakato inayoanza mbio vizuri kisha ikazorota baada ya dakika 15 au 20 huwa inajipunguzia kasi ili isiungue, na mchana wa Kisumu, ambapo chumba chenye paa la mabati huwa kama tanuri, hali hiyo huja mapema. Safisha vumbi kwenye feni, inyanyue kompyuta ili hewa ipite chini yake, na usikimbie mbio ukitumia betri.

Ikiwa dalili zimeelekea kwenye mtandao, pima kwa hatua, ukianzia karibu. Fungua dirisha la amri katika Windows na uandike ping -n 200 192.168.1.1, au anwani nyingine ikiwa ruta yako, yaani kifaa kinachogawa mtandao nyumbani, ina tofauti; amri hiyo hutuma ujumbe mdogo mara 200 na kupima muda wa kila jibu. Majibu kutoka kwa ruta iliyomo chumbani yanapaswa kuwa ya milisekunde chache tu na yasiyopotea hata moja. Yakiruka hadi 80 au 150, kasoro imo ndani ya nyumba, na mara nyingi ni Wi-Fi inayopambana na kuta za mawe. Kebo ya bei ndogo huimaliza. Ruta ikiwa shwari, rudia kipimo kwa anwani ya nje, kwa mfano 8.8.8.8, na ufanye hivyo saa ileile unayoshindana, kwa kuwa mtandao wa saa nne asubuhi si mtandao wa saa mbili usiku.

Kipimo kinachosahaulika ni cha kupakia, yaani kutuma data kutoka nyumbani kwenda nje. Kwa wiki mbili nilikuwa nikiondolewa kwenye mbio kila jioni, nami nikaamini kwamba kampuni inayotuuzia mtandao ndiyo yenye makosa. Siku moja niliacha ping ikiendelea kando ya mchezo, nikaona namba zikiwa 165, 166, 165, kisha 480, kisha 910, huku mistari miwili ikiwa haina jibu. Nilipozunguka nyumba nikaikuta simu ya mama watoto mezani, imechomekwa kwenye chaji, ikituma video za harusi ya shemeji iliyofanyika Maseno. Njia ya kupakia ilikuwa imejaa, na pakiti ndogo za gari langu zilikuwa zimepangwa foleni nyuma ya video hizo. Tangu hapo nimeiwekea ruta kikomo cha kupakia cha takriban asilimia 85 ya uwezo wa laini, na tatizo halijarudi.

Kuna ucheleweshaji usioondoleka. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo zinazobeba mtandao husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kila kilomita 1,000 hugharimu milisekunde 10 kwenda na kurudi, na kutoka kwetu hadi seva ya Ulaya njia hupita Mombasa na baharini. Kwa maoni yangu, ping ya milisekunde 180 isiyoyumba ni bora kuliko 90 inayopanda hadi 400, kwa sababu makisio huzoea ucheleweshaji ulio sawa na hushindwa na ule unaobadilika. Na vipimo vikiharibika ghafla kwa kila mtu, kama ilivyotokea Mei 2024 nyaya za mtandao za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, usiichokonoe ruta; subiri mafundi.

Unapolalamika kwa mtoa huduma, usiandike kwamba mtandao ni mbovu. Ambatisha vipimo vya ruta na vya nje vya jioni tatu, kila kimoja na saa yake, ueleze kama mvua ilikuwa ikinyesha ikiwa unatumia antena ya juu ya paa, na useme wazi kwamba kompyuta ilikuwa imeunganishwa kwa kebo, kwa maana hilo ndilo swali la kwanza watakalokuuliza.