Namna ya Kuzuru Rabai, Kwenye Kaya na Mnazi

Wageni wengi wa Mombasa huishia Fort Jesus na ufuoni Nyali, ilhali anayetaka msitu mkongwe, utulivu na kinywaji kinachogemwa papo hapo anaweza kwenda Rabai, katika Kaunti ya Kilifi, na kurudi siku hiyohiyo. Panda matatu ya Mazeras, kisha uchukue bodaboda au matatu ya Kaloleni inayopitia Rabai. Ondoka alfajiri, kwa kuwa foleni ya malori ya Changamwe na Miritini haina huruma, na tembo, yaani pombe ya mnazi, nalo halimngoji mtu.

Anzia kwenye jumba la makumbusho, katika kanisa la zamani la kituo cha wamisionari kilichoanzishwa na Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann mwaka wa 1846. Maonyesho hayachukui muda mrefu; faida kubwa ya kupita hapo ni kuulizia mzee wa kaya, yaani msitu wa mababu, atakayekuongoza.

Kaya za Warabai, yaani Mudzimuvya, Bomu na Fimboni, zimo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2008, pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda. Ni misitu iliyozunguka makazi ya mababu, na miti yake mikubwa imesalia kwa sababu miiko ilikataza kuikata, wala si kwa sababu ya ua wa seng'enge. Kwa hivyo usiingie bila mwenyeji, hata ukiiona njia iko wazi. Msubiri mzee aombe ruhusa, umuulize kama utavua viatu au kujifunga kaniki, usipige picha kabla hajakubali, na usiokote hata kijiti kikavu. Malipo na sadaka mzungumzie kabla ya kuingia, maana kuyajadili mkishatoka ni kutafuta ugomvi. Wakati wa masika njia huteleza sana.

Tembo la mnazi lije baada ya kaya, lisitangulie: anayenuka ulevi hana uso wa kusimama mbele ya wazee, ingawa tembo hilohilo hutumiwa katika matambiko yao. Mwombe kiongozi wako akupeleke shambani kwa mgema. Utamwona akikwea kwa kukanyaga vidato vilivyochongwa kwenye shina, kotama, kisu chake cha kugemea, ikiwa kiunoni. Akifika juu humimina tembo lililodondoka usiku kucha, hukata kipande chembamba kwenye ncha ya karara, yaani kole la maua ya mnazi, iliyofungwa kamba ili utomvu uendelee kutoka, kisha hurudisha kibuyu mahali pake. Tembo bichi ni tamu na lina weupe wa maji ya mchele, lakini huchachuka lenyewe bila kutiwa chochote, hata jioni likawa kali na baadaye likageuka siki. Kwa maoni yangu lionje hapohapo chini ya mnazi, na mangwe, yaani tembo lililokwisha kuwa kali, uwaachie wenyeji. Ukiona nyuki ndani ya gilasi usishtuke. Omba lichujwe, au unywe kwa mrija wenye kichujio kama wafanyavyo wazee.

Asiyekunywa ataangushiwa madafu katika shamba hilohilo, na mwenye gari aje na dereva. Anayebeba tembo kurudi mjini asiijaze chupa wala asikaze kifuniko, kwa sababu gesi huendelea kuongezeka njiani na chupa inaweza kupasuka ndani ya matatu.