Ukilinganisha F-16 na Su-27, achana na asilimia za mafuta
Wenzangu mnaorusha ndege za kivita kwenye DCS World, mchezo wa kompyuta wa kuiga urushaji wa ndege, hapa Dodoma, jambo moja kabla hamjabishana tena F-16 au Su-27 ipi inakata kona vizuri. Msizijaze zote asilimia 50 mkadhani mmetenda haki. Matangi ya ndani ya F-16C yanabeba takriban kilo 3,200. Ya Su-27 yanafika kilo 9,400. Nusu ya Su-27 ni kilo 4,700, yaani inapaa na mafuta mengi kuliko F-16 iliyojaa pomoni! Pimeni kwa dakika: kila ndege ipewe mafuta ya kupigana kwa muda uleule, injini ikiwa imefunguliwa hadi mwisho.

Kimo nacho kiwe kimoja. Kwa mfano, Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Dar, na injini ya jeti hupungua nguvu kadiri hewa inavyopungua.

Halafu modi za ndege, yaani ndege za nyongeza mnazopakua, ziwekeni ndani ya Saved Games, folda ya DCS, kwenye Mods/aircraft. Ukizichanganya na mafaili ya mchezo wenyewe, sasisho linaweza kuzifagia, na bando la kuzipakua upya si dogo.