Kabla hujanunua kupe ndogo (gari la milango miwili) ya silinda sita, kagua hivi
Kama bado unaukumbuka ule mlio wa silinda sita kwenye kagari ka milango miwili, Mazda MX-3 ya V6 ya lita 1.8 au BMW E46 kupe (ile 3 Series ya zamani), basi usikimbilie kutoa hela. Nenda injini ikiwa ya baridi kabisa, washa mwenyewe usikilize, ile ya E46 ikiwa nzima inatulia kama maji mtungini. Shida yake kubwa ni kuchemsha, tangi la maji ni la plastiki linapasuka, pampu na themostati (vali inayoongoza maji ya kupoza injini) navyo vinachoka, mi nabadilisha vyote kwa mpigo maana ikichemsha silinda hedi, yaani kichwa cha injini, inapinda na hapo utalia. Oili ikivuja kwenye kava ya vali mara nyingi ni gesketi tu, ule mpira wa kuziba. Kutu chini ya gari usiisamehe. Na egzosi ya kiwandani iache jamani, mlio ndo huo!