Mgonjwa wenu amelazwa: namna ya kushirikiana na daktari wa wodi

Ndugu wengi wakifika wodini huuliza kwanza, "Bingwa anapita lini?" Bingwa ana kazi yake: huongoza raundi na kuamua mambo mazito. Lakini anayempokea mgonjwa, kumwandikia dawa, kufuatilia majibu ya maabara na kuitwa usiku hali ikibadilika ni daktari wa wodi. Katika hospitali za Dar es Salaam kama Amana, Temeke, Mwananyamala na Muhimbili mtakuta pia madaktari vijana walio katika mwaka wa mafunzo kwa vitendo. Msiwadharau kwa umri wao, kwani mara nyingi ndio wanaolijua faili la mgonjwa wenu ukurasa kwa ukurasa.

Siku ya kulazwa, leteni dawa zote za nyumbani kwenye mfuko mmoja, pamoja na maboksi yake na mitishamba. Semeni alimeza nini mara ya mwisho na saa ngapi. Tajeni mzio, kisukari, presha, selimundu, ujauzito. Kama anatumia ARV, msifiche. Mgonjwa wa kifua kikuu anayetumia rifampisini, kwa mfano, huhitaji dolutegraviri, mojawapo ya ARV, mara mbili kwa siku badala ya mara moja. Asipojua, daktari atamwachia dozi pungufu. Ikiwa baadhi ya ndugu hawajui hali hiyo, mwombeni daktari mzungumze pembeni.

Kisha chagueni msemaji mmoja. Raundi hufanyika asubuhi, ndugu wengi wanaingia mchana au jioni, na aliyetoka Mbagala au Gongo la Mboto akikwama kwenye foleni anakuta daktari ameshaondoka. Muulizeni sista siku hiyo hiyo ya kwanza: daktari wetu anaitwa nani, raundi inaisha saa ngapi, tumwone wapi baadaye? Msemaji aende na daftari na maswali manne: mnadhani tatizo ni nini, kipimo gani bado, tutajuaje kuwa dawa inafanya kazi, na nini kinamzuia kuruhusiwa? Ndugu watano wakiuliza kwa nyakati tano, kila mmoja huondoka na kipande chake cha jibu, na ugomvi huanzia hapo.

Dawa ikibadilishwa siku ya tatu, msidhani daktari amebahatisha. Kuotesha vijidudu vya damu au mkojo huchukua kama siku 2 hadi 3, na mgonjwa mahututi hawezi kusubiri. Huanzishiwa antibiotiki inayoua aina nyingi za bakteria, kisha majibu yakitoka huhamishiwa inayolenga bakteria aliyeonekana.

Sehemu inayoharibu matibabu kimyakimya ni kikapu cha chakula. Mgonjwa wa kiharusi asipewe hata kijiko cha uji kabla uwezo wake wa kumeza haujapimwa, maana uji ukiingia njia ya hewa huleta nimonia. Akiruhusiwa kula, aketishwe wima, abaki hivyo dakika 30 baada ya mlo. Mgonjwa wa figo asiletewe madafu, ndizi wala machungwa mpaka daktari aseme. Vina potasiamu nyingi, figo dhaifu hushindwa kuitoa, na ikizidi kwenye damu moyo unaweza kusimama. Wa moyo apunguziwe chumvi. Na Panadol ya mkobani iacheni mkobani: huenda anapewa parasetamoli hiyo hiyo kwa dripu, na mtu mzima hatakiwi kuzidisha gramu 4 kwa siku, kwa sababu ini ndilo linaloumia.

Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa 2 ili asipate vidonda vya mgongo na makalio. Mwombeni sista awaonyeshe namna.

Mwiteni sista mara moja mkiona anapumua zaidi ya mara 24 kwa dakika, amechanganyikiwa ghafla, mguu mmoja umevimba na kuuma, au palipowekwa kanula, yaani kimrija cha dripu kwenye mshipa, pamekuwa pekundu. Mkojo nao ni kipimo kizuri: mtu mzima wa kilo 60 anatakiwa kutoa angalau mililita 30 kwa saa. Mfuko wa katheta, yaani mpira wa mkojo, ukikaa mkavu saa kadhaa, semeni. Sista atamwita daktari wa zamu. Msizunguke wodi kumtafuta wenyewe.

Hatari nyingine ni kubadilishana zamu, hasa Ijumaa jioni. Kipimo kilichotolewa asubuhi kinaweza kurudi usiku kisisomwe na mtu. Muulizeni daktari kabla hajaondoka: nani anampokea, na majibu gani yanasubiriwa?

Siku ya ruhusa msikimbilie kaunta ya malipo kwanza. Someni karatasi mbele ya daktari: ugonjwa, kila dawa na dozi na idadi ya siku, tarehe ya kliniki, majibu ambayo hayajatoka, na dalili za kumrudisha haraka. Kisha toeni ule mfuko wa dawa za nyumbani na ulizeni, moja baada ya nyingine, ipi inaendelea na ipi imesimamishwa. Dawa moja ya presha huuzwa kwa majina tofauti ya kibiashara, na wapo wanaofika nyumbani wakameza ya zamani na mpya pamoja, wakaanguka bafuni kwa presha kushuka.