Somo: Kutoka kiroba cha mabaki hadi mkoba unaouzika

Ndugu zangu, wengi mmeniuliza ninavyoshona mikoba kwa mabaki ya vitenge na jinzi za mtumba, na ninavyoiuza bila kula mtaji. Leo nimekaa niandike yote kwa mpangilio, kisha nijibu maswali mliyonitumia.

Niseme mapema ninachokiamini. Mkoba unaotunza mazingira ni ule usiochanika. Ukishona kwa mabaki halafu mpini ukakatika baada ya mwezi mmoja, umechelewesha tu takataka kufika jalalani. Na kama aliyeshona hakupata hela ya kula, biashara hiyo haitamaliza mwaka, hata iwe na lebo ya kijani namna gani.

Hatua ya 1: Tafuta malighafi

Mimi niko Dar es Salaam, kwa hiyo nazungumzia Dar. Chini ya meza ya kila fundi cherehani kuna rundo la vipande. Jioni hufagiliwa, huenda na taka au huchomwa. Zungukia mafundi watano au sita wa mtaani kwako, wanunulie viroba vitupu, panga nao siku ya kupitia. Mwombe fundi aweke kando vipande vinavyozidi kiganja cha mkono. Mlipe. Kidogo, lakini mlipe, maana siku utakapohitaji mashine yake ya ovaloki, ile ya kufunga kingo za kitambaa zisifumuke, utarudi kwake huyo huyo.

Jinzi nazifuata kwenye mtumba, Karume au Ilala. Usinunue zile nzuri, hizo wapo wanaozivaa. Tafuta zilizochanika magoti au zilizoharibika zipu. Geuza mguu uangalie nyuma, kuanzia chini ya goti: hapo kitambaa huwa bado kizima, hakijasuguliwa.

Hatua ya 2: Chambua kwa moto

Vitenge vingi siku hizi ni polista iliyochapwa maua ya kitenge. Kwa macho huwezi kujua. Chomoa nyuzi chache pembeni, zishike kwa kibanio, uziwashe juu ya sahani ya bati. Pamba huwaka upesi, hunuka kama karatasi inayoungua, na majivu yake ukiyagusa yanakuwa unga. Polista hujikunja ikikimbia moto, huyeyuka, na ikipoa huacha kigololi kigumu cheusi. Ukipata majivu pamoja na vigololi, hapo kuna mchanganyiko.

Sisemi polista itupwe. Nayo ni mabaki, na kuitumia ni bora kuliko kuichoma. Ila iweke kiroba chake. Ukiipiga pasi ya moto wa pamba itang'ang'ania pasi, na usimwambie mteja kuwa ni pamba.

Hapa niongeze jambo. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 1 Juni 2019. Kenya walitangulia mwaka 2017. Sokoni ikajaa mifuko mbadala, ile laini ya rangi rangi, na watu wengi wanadhani ni kitambaa. Mingi imetengenezwa kwa polipropilini, nayo ni plastiki. Ijaribu kwa moto ule ule uone inavyoyeyuka. Mteja akikuambia mkoba wako ni ghali kuliko ule, mwonyeshe. Mimi natembea na kipande cha kila kimoja kwenye pochi.

Hatua ya 3: Jaribu rangi kabla hujakata

Hili nimelilipia. Niliwahi kupokea oda ya mikoba 12 ya kamati ya harusi: marikani nyeupe, katikati kiraka cha kitenge chekundu. Ilipendeza mno. Siku ya shughuli mvua ikanyesha, na wekundu ukashuka kwenye marikani kama damu kwenye bandeji. Nilirudisha hela yote, nikabaki na mikoba 12 ya waridi isiyotakiwa na mtu.

Tangu hapo kila kipande hupita hapa: lowesha kitambaa cheupe kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni, usugue nacho kipande mara 20. Kisha kiloweke kipande usiku kucha kwenye bakuli pamoja na kiraka cheupe. Asubuhi kiraka kitakueleza. Kinachochuja kifuliwe peke yake. Kikiendelea kuchuja baada ya mafuo matatu, kitumie kwenye mikoba myeusi au ya bluu iliyokolea tu. Chumvi na siki havizuii. Nimejaribu vyote viwili.

Jinzi zifue zote kwa maji ya moto, hata kama zinaonekana safi. Pamba mpya ya bitana nayo ioshwe kabla, maana wanga ukishatoka hunywea, na mkoba wako utajikunja ukiwa tayari umeuzwa.

Hatua ya 4: Kata

Chora patani, yaani umbo la kukatia, kwenye boksi gumu, siyo gazeti, kwa sababu utaitumia mara mia. Acha sentimita 1.5 za mshono. Kata pande kubwa za jinzi kwanza, viraka vya kitenge baadaye.

Kupanga viraka ndiko kunakotofautisha mkoba na tambara. Mimi sizidishi vitenge vitatu kwa mkoba mmoja. Navipanga mezani, napiga picha kwa simu, kisha naitazama ikiwa ndogo kabisa. Kinachokera macho huonekana hapo hapo. Ukipata mabaki ya khanga, usikate pindo ovyo: likunje liwe ukingo wa mfuko wa ndani. Na ikitokea kipande chenye jina zima lisilokatika, kiweke ndani ya mkoba, pale mwenye mkoba anapofungua. Wanawake wanapenda sana kugundua maneno hayo wakiwa peke yao.

Hatua ya 5: Shona, na mpini uwe wa kwanza kufikiriwa

Mkoba hufa mpinini. Kata jinzi upana wa sentimita 10, ikunje mara nne upate sentimita 2.5, upige mistari minne ya mshono. Ncha za mpini ziingie ndani ya mkoba sentimita 5, uzishone mraba wenye msalaba katikati. Sindano namba 16. Penye maungio mazito yagonge kwanza kwa nyundo ndogo yalale, kisha zungusha gurudumu kwa mkono.

Mkoba wa kwanza wa kila patani mpya nautundika msumarini na dumu la maji la lita 10 usiku kucha. Asubuhi natazama mishono. Uzi ukiwa umefunguka hata kidogo, patani hiyo haiingii sokoni mpaka nimeirekebisha.

Hatua ya 6: Rangi za asili, kama unazitaka

Maganda makavu ya vitunguu maji hutoa rangi ya dhahabu nzuri sana kwenye pamba, ukikichemsha kwanza kitambaa kwa shabu. Bizari ya manjano inavutia siku ya kwanza tu: jua huipausha, na sabuni ya mche huigeuza kuwa nyekundu. Siiuzi. Magome ya mikoko nayo yanatoa rangi, lakini mikoko inalindwa kisheria na ndiyo inayoshikilia fukwe zetu, tuiache. Wanaotia batiki kwa kostiki soda, tafadhali vaeni glavu na msimwage maji yale kwenye mtaro wanakocheza watoto. Batiki si rafiki wa mazingira kwa sababu tu imetiwa kwa mkono.

Hatua ya 7: Bei

Hapa ndipo wengi tunapozama. Hii ni hesabu yangu ya mkoba mmoja wa bega, kwa shilingi. Bei za kwenu zitatofautiana, ila mistari isipungue.

Jinzi 1,250 (suruali ya 2,500 hutoa mikoba miwili). Kitenge 450, maana kiroba pamoja na nauli hunigharimu 9,000 na hutoa mikoba 20. Bitana 1,500. Zipu 700. Uzi, sindano, sabuni na umeme 600. Lebo 300. Jumla 4,800.

Zamani niliishia hapo. Niliuza 10,000 nikajiona nimepata 5,200. Halafu siku moja nikaweka saa ukutani mbele ya cherehani, nikaandika kila kitu. Kushona: saa mbili na nusu. Kuchambua, kufua, kupiga pasi na kupanga viraka: saa nzima, ambayo sikuwahi kuihesabu hata siku moja. Kwa hiyo 5,200 yangu ilikuwa malipo ya saa tatu na nusu, hata 1,500 kwa saa haifiki, na cherehani inachakaa bure.

Sasa najilipa 2,500 kwa saa, yaani 8,750. Ukijumlisha na vifaa ni 13,550. Naongeza asilimia 10 ya makosa na uchakavu wa mashine, inafika karibu 15,000. Hiyo ndiyo gharama, bado si bei. Duka nawauzia 19,000, mteja wa mkononi 25,000. Mteja wa mkononi nisimuuzie bei ya duka, maana nitawaharibia wenye maduka na wataacha kuchukua mzigo wangu.

Mabaki ni rahisi kununua lakini ni ghali kutumia. Yanakula muda. Anayeanza kazi hii akidhani atauza bei ya chini kwa kuwa malighafi ni ya bure, atachoka kabla ya mwaka.

Hatua ya 8: Uuzaji na makaratasi

Chukua TIN (namba ya mlipakodi) ya TRA, mamlaka ya mapato, sajili jina la biashara BRELA, wakala wa usajili wa biashara, fuata leseni halmashauri. Maduka yanapotaka mali kauli, toa kidogo, usizidishe theluthi ya mzigo, na muandikiane: idadi, bei, tarehe ya kulipa. Picha piga nje asubuhi, kwenye kivuli cha ukuta mweupe.

Maswali ya wanachama

*Morogoro: Shikamoo dada. Nina cherehani ya miguu ya marehemu mama. Itaweza jinzi au nisubiri ya umeme?*

Marahaba mdogo wangu. Usisubiri. Cherehani ya miguu ikitiwa mafuta na mkanda ukikazwa inashona jinzi vizuri, na umeme ukikatika wewe unaendelea. Sindano namba 16, penye tabaka sita nenda 18. Ovaloki peleka kwa fundi, au funika maungio kwa utepe wa kitenge, ambao kwa kweli unapendeza zaidi.

*Mombasa: Dada, naweza kuandika kwenye lebo "asilia asilimia mia"? Wateja wa hoteli wanayapenda hayo maneno.*

Tazama mkoba wako vizuri. Zipu ni plastiki na chuma. Uzi? Wangu ni polista, na nimeuchagua makusudi kwa sababu uzi wa pamba ulikuwa ukikatika mpinini. Mimi naandika: "Jinzi ya mtumba na mabaki ya kitenge, bitana mpya ya pamba, uzi wa polista." Mteja mmoja wa hoteli alisoma akaniuliza kwa nini polista, nikamweleza habari ya mpini. Alinunua miwili.

*Arusha: Mafundi wangu walikuwa wananipa bure, sasa wameona nauza wanataka hela. Nifanyeje?*

Walipe. Ni haki yao, na ukilipa unaweza kudai: vipande vikubwa kando, visichanganywe na majivu ya pasi ya mkaa. Mweleze fundi bei yako na hesabu yako, asidhani unatajirika kwa mgongo wake. Wawili kati ya mafundi wangu sasa wananishonea oda zikizidi.

*Unguja: Naweka mipini ya ukili lakini inakatika pale inapoungana na kitambaa. Na msimu wa mvua inaota ukungu.*

Ukili ukikauka sana hupasuka sindano ikipita. Ufunike kwa kitambaa chenye unyevu kwa nusu saa kabla ya kushona, na utumie shazia (sindano kubwa) kwa mkono, siyo mashine. Kisha usiuache ubebe uzito peke yake: pitisha utepe wa jinzi ndani yake, ncha za utepe ndizo zishonewe kwenye mkoba. Ukungu: anika kivulini penye upepo mpaka ukauke kabisa kabla ya kufungasha, na usiweke kwenye mfuko usiopitisha hewa.

*Dodoma: Tupo wanawake saba, mtaji hatuna. Tuanzie wapi?*

Andikisheni kikundi, mwone afisa maendeleo ya jamii wa kata. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ila msikope kabla hamjauza mikoba 20 ya kwanza kwa hela zenu za kuchanga. Mkopo utawakuta mnajua kama mkoba wenu unauzika.

*Tanga: Na mabaki ya mabaki, yale madogo kama ukucha?*

Ya pamba nayajazia mito ya kukalia. Ya polista najazia vigodoro vya sindano na vitegemeo vya mlango. Yanayobaki hapo ni machache mno, na sijapata njia nyingine zaidi ya kuyatupa.

*Dar es Salaam: Mkoba nilioununua kwako mwaka juzi umekufa zipu. Unatengeneza au ninunue mwingine?*

Usinunue. Ulete Jumamosi, kazi ni bure, utalipia zipu mpya tu. Na ile ya zamani usiing'oe nyumbani, njoo nayo ikiwa hapo hapo: kama meno ni mazima, kichwa chake nitakibadilisha na hutalipa kitu.